Vitu vya Kuchezea vya Mtoto Mchanga

Mama akitoka katika nyumba ya kuzalia na mtoto wake, watu wa jamaa na jirani huja kumpa mkono. Mmoja analeta sabuni, mwingine kuku, mwingine kikwembe. Siku hizi wako pia wanaoleta kitu cha kuchezea kilichonunuliwa sokoni: sanamu ya mtoto ya plastiki, motokari ndogo yenye magurudumu, au kitu kinachopiga wimbo kikibonyezwa. Wanafanya hivyo kwa upendo, na mama anapokea kwa furaha. Kisha anakiweka karibu na kichwa cha mtoto, akifikiri kwamba ndivyo wanavyofanya watu wa mjini.

Mama asiyepata zawadi ya namna hii asione haya. Mtoto wa siku tatu hana haja na motokari. Na yule aliyeipata, tunamwomba asome maneno haya kabla hajaiacha kitandani, maana vitu vingine vinavyouzwa kwa ajili ya watoto vinaweza kuwaua.

Mtoto anaona nini?

Wako wamama wanaosema kwamba mtoto haoni kitu mpaka mwezi wa kwanza umekwisha. Si kweli. Mtoto akizaliwa anaona, lakini anaona karibu tu, kiasi cha sentimeta 20 mpaka 30 mbele ya uso wake. Kupita hapo vitu vyote ni kama ukungu wa asubuhi mlimani. Sasa jipime mwenyewe: mtoto akilala mkononi mwako na kunyonya, tangu uso wake mpaka uso wako ni kiasi gani? Ni kiasi hicho hicho. Mungu alipanga hivi, kwamba kitu cha kwanza ambacho mtoto anaweza kukitazama vizuri kiwe uso wa yule anayemlisha.

Tena hapambanui bado rangi zilizofifia. Anapenda kutazama pale ambapo weusi na weupe hukutana: ukingo wa nywele, macho, nyusi. Kwa hiyo uso wa mama unamfaa kuliko picha yo yote. Nao unasogea, unacheka, unamjibu. Hakuna kitu dukani kinachoweza kufanya hivyo.

Masikio yake yalianza kazi kabla hajazaliwa. Katika miezi ya mwisho ya mimba alisikia sauti ya mama yake, na tangu siku za kwanza anaipambanua na sauti za wanawake wengine. Basi, mama, sema naye. Mwambie unachofanya: ninakuosha mguu, ninakufunga, sasa tunakwenda kisimani. Mwimbie nyimbo za nyumbani kwenu na nyimbo za kanisa. Jirani akikucheka na kusema unazungumza na mtu asiyejua maneno, mwulize: atayajua lini, kama hakuna anayemwambia?

Akikutazama, mtazame. Akitoa sauti kidogo, ngoja amalize, halafu umjibu kwa sauti kama yake. Utaona anangoja zamu yake. Huu ndio mchezo wake wa kwanza, nao hauna bei. Akigeuza uso pembeni, akipiga miayo au kuanza kulia, amechoka, mwache apumzike.

Ninyi wababa, neno hili ni lenu pia. Katika vijiji vingi mtoto mchanga ni kazi ya wanawake, na baba anangoja mpaka ajue kutembea. Lakini weka kidole chako katika kiganja cha mtoto wako wa siku mbili, naye atakishika kwa nguvu. Hajui bado kwamba anashika. Mkono wake unajifunga wenyewe, na jambo hili litapotea kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Hata hivyo kidole cha baba ni kitu cha kuchezea kizuri, maana kina joto, na hakiwezi kumezwa. Lakini msimtupe mtoto juu na kumdaka, wala msimtikise kwa mchezo au kwa hasira. Kichwa chake ni kizito na shingo yake ni laini. Ubongo wake unaweza kutoka damu ndani, na nje usione jeraha lo lote.

Mkono unapoanza kushika

Katika mwezi wa tatu au wa nne mtoto anaanza kunyosha mkono ili ashike kitu. Hapo ndipo inafaa kumtengenezea kitu. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa mafundisho juu ya malezi ya watoto wadogo, nao hawakuwaambia wazazi waende dukani. Walisema kwamba kitu cha kutikisa chenye sauti na pete kubwa iliyofungwa kwenye kamba vinatosha kwa miezi sita ya kwanza, navyo vinaweza kutengenezwa nyumbani.

Kitu cha kutikisa, wazee wetu walikifanya kwa kibuyu kidogo. Ni kizuri, lakini kiangalie: kibuyu kikipasuka, mbegu zilizo ndani zinamwagika, na ncha zake zinakata. Chupa ndogo ya plastiki ya maji ya kunywa inafaa zaidi. Ioshe, ikauke kabisa, tia punje chache za mahindi, funga kifuniko sana, kisha ishone yote ndani ya kitambaa chenye nguvu, pamoja na kifuniko chake. Usiache kifuniko wazi, maana mtoto au kaka yake atakifungua siku moja. Chupa isiwe nzito, kwa sababu mtoto wa miezi minne hajajua kuongoza mkono wake, na atajipiga usoni. Kabla ya kushika mwenyewe, itikise wewe upande huu na upande huu polepole, naye aitafute kwa macho.

Mpira wa vitambaa pia ni rahisi. Kata vipande vya kikwembe cha zamani, uvikunje ndani ya kitambaa kingine, ushone, uwe mkubwa kama ngumi yako. Usiujaze maharagi wala mbegu. Ukiisha kushona, vuta mshono kwa nguvu zako zote. Ukifunguka kwako, utafunguka kwake pia.

Kama baba anajua kuchonga, afanye pete ya mti ambayo mtoto ataishika na kuitafuna wakati meno yanapotoka. Atumie mti ambao watu wa kwenu huchongea miiko ya kusonga ugali, maana wanaujua kwamba hauna utomvu mkali. Ailainishe vizuri isiwe na vibanzi, na asiipake rangi. Ile kamba ya kuining'iniza ishikwe na mtu mzima tu. Wakiisha kucheza, kamba iondolewe.

Kutoka mwezi wa sita mtoto anakaa, anahamisha kitu toka mkono huu mpaka mkono wa pili, anapiga kitu juu ya kitu, anaangusha. Anaangusha mara kumi, na mama anaokota mara kumi, na mama anafikiri ni ukaidi. Sivyo, anajifunza. Anataka kujua kama kitu kikianguka kinaendelea kuwapo. Mpe sufuria ndogo, kijiko, kikombe cha plastiki, bakuli lenye mfuniko wake. Jikoni kwa mama ndilo duka bora la mtoto wa umri huu, ila visu na moto viwe mbali. Mukebe wa maziwa unafaa kama ukingo wake haukati. Pitisha kidole chako polepole kwenye ukingo. Kama unakwaruza, usimpe. Mikebe midogo ya samaki, ambayo vijana hutengenezea motokari zao, si ya mtoto mchanga hata kidogo.

Kinywa

Sasa tunafika kwenye neno kubwa. Mtoto kutoka mwezi wa nne anajua kila kitu kwa kinywa. Anachoshika, anakipeleka huko. Usimpige kwa ajili ya jambo hili. Ndivyo alivyoumbwa, ili ajue kitu ni laini au kigumu, cha baridi au cha joto. Ni wewe unayepaswa kuchagua kile kitakachofika mkononi mwake.

Njia ya pumzi ya mtoto huyu ni nyembamba kama mrija wa kunywea soda. Harage moja linaizuia. Karanga moja inaizuia. Punje ya hindi, kifungo cha shati, shanga, kipande cha franki cha zamani, jicho la sanamu lililong'oka, vyote vinaizuia. Na mara nyingi si mama aliyempa. Ni dada yake wa miaka mitatu au minne, ambaye anakula karanga na anataka kumgawia mdogo wake, sawa na alivyofundishwa. Usimgombeze kwa kugawa. Mfundishe mapema kwamba mtoto hapewi kitu cho chote bila kumwuliza mama, na mwache aonyeshe wema wake kwa kumwimbia mtoto na kumtikisia chupa.

Kuna kipimo ambacho kila mama anaweza kukitumia, hata kama hana rula. Kutanisha ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha pili, vifanye duara. Kitu cho chote kinachoweza kupita katika duara hilo ni kidogo mno kwa mtoto asiyefika miaka mitatu. Usikiache karibu naye.

Kitu kikimkaba, fanya hivi. Kama anakohoa kwa nguvu na analia kwa sauti, mwache akohoe, ukimwangalia sana. Kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako. Lakini kama hawezi kulia, hawezi kuvuta pumzi, na midomo inageuka rangi, usingoje. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, ukishika taya lake. Mpige mara 5 kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kama kitu hakikutoka, mgeuze chali, kichwa bado chini, umbonyeze katikati ya kifua mara 5, kwa kisigino cha kiganja kimoja au kwa vidole viwili. Rudia mgongo, rudia kifua, mpaka kitoke. Akilegea na kuzimia, piga kelele watu waje, mlaze juu ya kitu kigumu, bonyeza kifua mara 30 upesi upesi, kisha ufunike kinywa na pua yake kwa kinywa chako na kupuliza pumzi ndogo 2, na kuendelea hivyo njiani mpaka hospitali.

Usitie kidole kinywani kutafuta usichokiona, maana utakisukuma ndani zaidi. Usimnyweshe maji wala mafuta ya mawese ili kiteremke. Kitu hakiko katika njia ya chakula, kiko katika njia ya pumzi, na mafuta yataingia katika pafu.

Na jambo hili wazazi wengi hawalijui. Mara nyingine mtoto anakabwa, anakohoa sana, kisha ananyamaza na kuanza kucheza tena. Watu wanamshukuru Mungu na kusahau. Lakini harage halikutoka. Limeteremka katika tawi moja la pafu. Humo linalowa na kuvimba. Karanga ni mbaya hata zaidi, kwa sababu mafuta yake yanachoma nyama ya pafu. Baada ya siku chache mtoto ana homa, anakohoa, anapumua kwa sauti ya filimbi. Analetwa hospitali, na mwuguzi anafikiri ni ugonjwa wa mapafu unaojulikana, anampa dawa. Anapata nafuu kidogo, kisha unarudi. Mapafu hayasemi yaliyoingia ndani yao. Ni mama anayeweza kusema. Basi, kama mtoto wako alikabwa hata mara moja, hata kama ni juma lililopita, mwambie munganga neno hilo kwanza, kabla ya habari ya homa. Chombo cha kuingia ndani ya pafu na kutoa kitu hakipatikani katika hospitali nyingi, na safari ya kukifikia inaweza kuwa ndefu. Afadhali ianze mapema.

Vitu vya dukani

Hatusemi kwamba kila kitu cha dukani ni kibaya. Lakini kabla ya kununua, au kabla ya kumpa mtoto kitu alicholetewa, kishike wewe mwenyewe kama adui. Vuta macho ya sanamu. Vuta magurudumu. Vuta nywele. Kinachotoka, kitupe.

Kitu chenye taa au wimbo kina betri ndani yake. Siku hizi betri nyingine si kama mawe ya tochi. Ni bapa, zinang'aa, nazo ni ndogo kama kifungo. Mtoto akimeza moja ikakwama kooni, inaunguza nyama kwa muda wa saa mbili tu, na inaweza kutoboa mpaka kwenye mshipa wa damu. Ukifikiri amemeza, usimtapishe, wala usingoje asubuhi. Mpeleke saa hiyo hiyo. Kwa mtoto mchanga tunasema wazi: vitu vyenye betri visiingie nyumbani kwa ajili yake.

Rangi inayong'aa na kubanduka inaweza kuwa na risasi, ile madini mazito. Haina harufu inayoonya. Inaingia damuni kidogo kidogo na kudhuru ubongo unaokua, na wataalamu hawajapata kiasi kidogo ambacho hakidhuru. Baluni iliyopasuka na mfuko wa plastiki vinanata usoni na kuziba pumzi, viweke mbali.

Na kamba. Mtoto asivae kamba shingoni, iwe ya shanga, ya ufunguo, au ya dawa ya kumkinga. Tunajua kwamba bibi aliyefunga kamba ile alikuwa na hofu kwa ajili ya mjukuu wake, na hofu hiyo ilitoka katika upendo. Sisi tunamkabidhi mtoto kwa Mungu kwa maombi. Lakini hata bibi asiyekubali neno letu, na aone hili: kamba ikinaswa kwenye msumari wa kitanda usiku, inamnyonga mtoto bila sauti. Mwambieni kwa heshima, naye anaweza kukubali kuifungua wakati wa kulala, na huo ni mwanzo.

Wakati wa kulala ondoa kila kitu cha kuchezea pahali pa mtoto, hata mpira wa vitambaa. Kitu laini kikiwa juu ya pua yake, hana nguvu za kukisukuma.

Usafi

Mpira ukianguka pale kuku wanapotembea, kisha ukarudi kinywani, unaleta kuhara. Osha vitu vyake kila siku kwa sabuni na maji safi, na kuvianika juani mpaka vikauke kabisa. Mikono ya watoto wanaocheza naye ioshwe pia. Chuchu ya mpira ambayo wengine wanampa mtoto anyonye ili anyamaze, hatuisifu. Inaanguka, inafutwa kwenye nguo, inarudi kinywani. Na katika majuma ya kwanza inaweza kumzoeza vibaya, asishike ziwa vizuri. Akilia, mpe ziwa au mbebe.

Mchezo unaonyesha ugonjwa

Mama anayecheza na mtoto wake kila siku anajua mapema kama kuna kasoro. Mtoto wa miezi mitatu anapaswa kufuata uso wako kwa macho. Mtoto wa miezi sita, ukitikisa chupa pembeni asipoiona, anapaswa kugeuza kichwa. Kama hashtuki kamwe kwa kishindo, kama hafuati kitu kwa macho, kama mkono mmoja unashika na wa pili haushiki kamwe, mlete. Ukiona weupe katika mboni ya jicho, usingoje hata mwezi. Magonjwa mengine ya jicho hutibika tu yakionekana mapema.

Na mtoto aliyelazwa hospitalini kwa sababu ya kukosa chakula, aliyevimba miguu au kubaki mifupa, naye ana haja ya mchezo. Analala kimya, hacheki, anageuza uso. Watu wanafikiri mchezo ni wa wazima. Lakini Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 1999 kwamba watoto hawa wachezeshwe kwa utaratibu dakika 15 mpaka 30 kila siku, pamoja na chakula na dawa. Huko Jamaica, kuanzia miaka ya 1986 na 1987, wafanya kazi wa afya waliwatembelea watoto waliodumaa wenye umri wa miezi 9 mpaka 24, saa moja kila juma kwa miaka miwili, wakiwafundisha wamama kucheza nao kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Miaka ishirini baadaye wale waliochezeshwa walikuwa wakipata mshahara uliozidi kwa 25 katika 100 ule wa wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa.

Kwa hiyo mama anayelala na mtoto wake chumbani asione haya kuleta sufuria yake ndogo na kijiko. Akae kitandani, amweke mtoto mapajani wakitazamana, apige sufuria polepole mara moja, na kungoja. Siku ya kwanza mtoto hatafanya kitu. Siku nyingine atatazama kijiko. Siku atakayonyosha mkono ili akishike, mwite mwuguzi aone, aandike katika karatasi yake pamoja na uzito.